Congotronics: makelele ya Konono N°1 na ginsi wakosoaji wa Ulaya na Marekani walivyoyapokea

Mwishoni mwa mwaka 2004, lebo moja ya Ubelgiji jina lake Crammed Discs ilitoa albamu yenye nyimbo saba ya orkestra moja ya Kinshasa. Albamu iliitwa Congotronics, na orkestra ni Konono N°1. Ndani yake hakuna gitaa ya rumba, hakuna sebene ile tunayoijua. Kuna likembe tatu za umeme, filimbi, ngoma, sufuria, vipande vya gari, na sauti za watu zinazopita ndani ya vipaza sauti vya bati. Mtu aliyezoea Franco ao Tabu Ley anaweza kuamka na kwenda kuangalia kama bafle yake imepasuka.

Lakini ndani ya miaka miwili tu, albamu hiyo ilikuwa imesifiwa na waandishi ambao kazi yao ya kila siku ni kuandika juu ya rock ya makelele, punk na tekno. Watu ambao hawakuwa wamewahi kuandika hata sentensi moja juu ya muziki wa Kongo walianza kutaja likembe. Makala hii inaeleza kikundi hiki ni nini, sauti yake inatoka wapi, wakosoaji walisema nini, na ni wapi maneno yao yalileta ubishi ambao mpaka leo haujaisha.

Konono N°1 ni nani?

Jina lake lenye kujaa ni refu: Orchestre Folklorique T.P. Konono N°1 de Mingiedi. T.P. ni Tout-Puissant, ni kusema mwenye uwezo wote, kama vile T.P. OK Jazz ya Franco na T.P. Mazembe ya mpira kule Lubumbashi. Mingiedi ni mzee Mawangu Mingiedi, mpigaji wa likembe aliyeanzisha kikundi hiki Kinshasa katika miaka ya 1960.

Yeye na wenzake wengi ni watu wa Bazombo, kabila moja la jamii ya Bakongo ambalo linaishi pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Angola. Muziki wao ulitoka huko. Ni muziki wa sherehe na wa kilio, wenye kuzunguka fasi moja kwa muda mrefu mpaka watu waingie ndani yake kabisa. Kule zamani sehemu kubwa yake ilipigwa na pembe, kila mpigaji na sauti yake moja, wote wakijibizana. Mzee Mingiedi aliuchukua na kuuweka kwenye likembe.

Kwa wasomaji wa huku mashariki na wa Katanga: likembe ni kile chombo ambacho wengine wanaita kisanji. Ni sanduku dogo la mbao lenye vyuma vyembamba juu yake, unavipiga na vidole gumba. Ni chombo cha mtu anayetembea njia ndefu, ao cha mzee aliyekaa nyuma ya nyumba mangaribi. Sauti yake ni ndogo. Na hapo ndipo shida ilianzia.

Sauti ile inatoka wapi?

Kinshasa si kijiji. Kuna magari, kuna baa kila kona, kuna orkestra zingine zenye gitaa na bafle kubwa. Likembe pekee haiwezi kusikiwa kwenye kilio cha watu mia mbili katikati ya mtaa. Mzee Mingiedi alihitaji umeme, na hakuwa na feza ya kununua vyombo vya Ulaya. Basi akatengeneza.

Waliokota sumaku kwenye vipande vya magari yaliyokufa, wakafanya nazo mikro za mikono yao wenyewe. Namna inavyofanya kazi ni ile ile ya gitaa ya umeme: chuma kinapotikisika karibu na sumaku yenye waya uliozungushwa, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya, na mashine ya kukuza sauti inaufanya kuwa mkubwa. Tofauti ni kwamba mikro ya kiwanda inatengenezwa kusudi itoe sauti safi, na mikro ya Konono ilitengenezwa kusudi isikiwe. Ukiisukuma mashine kupita uwezo wake, sauti inakatika juu na chini, inakuwa na meno. Wazungu wanaopiga rock wananunua vidude vya bei kubwa kusudi wapate meno hayo. Konono waliyapata bila kuyatafuta.

Likembe zao ni za aina tatu: ya sauti nene inayofanya kazi ya besi, ya katikati, na ya juu. Pembeni kuna ngoma za asili pamoja na sufuria na vyuma vya gari. Waimbaji wanaimba ndani ya vipaza sauti vikubwa vyenye umbo la tarumbeta, vile watu wa Kinshasa wanaita lansivwa, ambavyo vilibaki tangu wakati wa ukoloni.

Njia ndefu mpaka kwenye albamu

Mwaka 1978 Mfaransa Bernard Treton alirekodi orkestra za aina hii Kinshasa, Konono wakiwa ndani. Sauti hizo zilitolewa Ufaransa na lebo Ocora katika miaka ya 1980, kwenye sahani juu ya muziki wa mjini Kinshasa. Wimbo wa Konono ulipita pia kwenye redio huko Ufaransa.

Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, mwanamuziki na mtengenezaji wa sahani, aliusikia. Alikuja Kinshasa mwaka 1989 kuwatafuta, hakuwapata. Ni karibu na mwaka 2000 tu ndipo alipowapata, mzee Mingiedi akiwa bado yuko na likembe yake mkononi. Kati ya hapo na hapo Zaire ilikuwa imekuwa Kongo, na inchi ilikuwa imeingia katika vita mbili.

Kenis aliwarekodi kwa ordinateri ndogo ya kubeba mkononi, bila kuwafungia ndani ya studio na bila kusafisha yale meno ya sauti. Mtengenezaji mwingine angeweza kusema: likembe ni muziki wa asili, tuondoe makelele watu wasikie mbao na chuma. Yeye aliacha kila kitu. Kama angesafisha, tungekuwa na sahani nyingine nzuri ya folklore, na pengine hakuna mtu angeandika neno juu yake.

Mwaka huo huo wa 2004 ilitoka pia sahani nyingine yao, Lubuaku, iliyorekodiwa mbele ya watu huko Ulaya. Iliyoitoa ni Terp, lebo ya Terrie wa kikundi The Ex cha Uholanzi. The Ex ni watu wa punk na wa gitaa za makelele tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo tangu mwanzo Konono walifika mikononi mwa watu ambao masikio yao yalikuwa yamezoea muziki wenye kukwaruza.

Rock ya makelele na wakosoaji wake

Kusudi tuelewe ginsi Congotronics ilivyopokelewa, inafaa kujua kwamba wakosoaji wa rock walikuwa na historia yao ya kugombana juu ya makelele.

Mwaka 1968 kikundi Velvet Underground cha New York kilitoa albamu White Light/White Heat, yenye gitaa zilizoharibiwa sauti kwa kupenda. Iliuzwa kidogo sana wakati ule. Nyuma ya miaka, wakosoaji waliirudilia na kuiita mama ya vitu vingi.

Mwaka 1975 Lou Reed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi hicho, alitoa Metal Machine Music: sahani mbili, pande nne, kila upande dakika 16 hivi, hakuna wimbo, hakuna ngoma, hakuna neno. Ni gitaa zilizowekwa mbele ya bafle zikilia zenyewe. Watu mingi walirudisha sahani dukani. Wakosoaji wengi waliitukana, wakidhani ni mzaha ao ni njia ya kumaliza mkataba na lebo. Lester Bangs wa gazeti Creem yeye aliitetea kwa nguvu, na nusu ya utetezi wake ilikuwa kicheko. Mwaka 2002 wapigaji wa Zeitkratzer, kikundi cha Ujerumani, waliipiga kwa vyombo vya mbao na vya shaba mbele ya watu mjini Berlin. Kile kilichoitwa takataka kikapewa viti na makofi.

Tangu hapo, mkosoaji wa rock anaogopa kitu kimoja: kutupa leo albamu ambayo watoto wake watamcheka kwa kuitupa. Kwa hiyo Congotronics ilipofika, ilikuta masikio yaliyo tayari, na pia watu waliokuwa na haraka ya kusifu.

Wakosoaji walisema nini?

Sifa zilikuwa nyingi. Pitchfork ya Marekani, ambayo wakati ule vijana wapenda rock waliifuata sana, iliandika vizuri juu yake. Magazeti ya Uingereza pia. Tukikusanya maneno yao, tunaona mambo matatu yakirudi.

La kwanza ni sauti yenyewe. Walishangaa kusikia chombo cha mbao kikitoa mlio mkali kama gitaa ya umeme, na kila mmoja alitafuta ndugu yake wa kuifananisha. Wamoja walitaja Can, kikundi cha Ujerumani cha miaka ya 1970. Wengine walitaja dub ya Jamaica, wengine punk, wengine tekno ya mashine.

La pili ni mwendo. Nyimbo ni ndefu, zinazunguka, haziendi kwenye kiitikio kama wimbo wa redio. Kwa mpenda tekno, hiyo ilikuwa sifa. Kwa wachache ilikuwa kosa: walisema nyimbo zinafanana, na kwamba nguvu ya kikundi inaonekana zaidi mbele ya watu kuliko kwenye sahani.

La tatu ni historia ya vyombo. Karibu kila mwandishi alieleza sumaku za magari, sufuria na lansivwa. Wengine walitumia nafasi kubwa kwa vyuma vibovu kuliko kwa nyimbo.

Zawadi zilifuata. Mwaka 2006, redio BBC Radio 3 iliwapa Konono tuzo la wanamuziki wapya. Wapya! Kikundi chenye miaka karibu 40, kilichorekodiwa na wazungu tangu 1978. Mwaka 2007, Björk wa Iceland aliwaalika kwenye wimbo Earth Intruders wa albamu yake Volta. Mwaka 2010, Herbie Hancock aliwaweka kwenye albamu The Imagine Project, na mwaka 2011 wimbo Imagine wa albamu hiyo ukapata Grammy, jina la Konono N°1 likiandikwa pamoja na Pink, Seal, India.Arie, Jeff Beck na Oumou Sangaré.

Ubishi: je, makelele yale yalikuwa bahati tu?

Maelezo yaliyotoka kwenye lebo yenyewe yalisema hivi: Konono hawakutaka ule mkwaruzo wa sauti, ulitokana na vyombo vyao vibovu, kisha wakauzoea na kuufanya mtindo, na kwa bahati ukawakutanisha na rock ya kisasa ya Ulaya. Waandishi mingi walilirudilia neno hilo.

Kuna ukweli ndani. Hakuna mtu aliyekaa chini ya mwembe na kusema leo nataka bafle ipasuke. Lakini neno hilo linaacha kitu ambacho kila mpigaji wa likembe anakijua. Likembe ya asili, hata bila umeme, mara nyingi inafungwa pete ndogo za waya ao vipande vya bati kwenye vyuma vyake, kusudi kila sauti itoke na mvumo wake, zzzz. Mpigaji anaziweka kwa makusudi. Bila mvumo huo wazee wanasema likembe imelala. Ni hivyo pia kwa marimba na ngoma nyingi za Afrika ya kati, ambazo zinawekewa ngozi nyembamba kusudi zivume.

Kwa hiyo masikio ya mzee Mingiedi yalikuwa yamelelewa ndani ya mvumo tangu utoto. Umeme ulipoleta mvumo mkubwa zaidi, haukukuta mtu mgeni. Mwingine angeutengeneza ao angeuona aibu. Yeye alijua la kufanya nao. Kumsifu kwa bahati tu ni kumnyima akili yake.

Ubishi wa pili ni juu ya umaskini. Picha ya Mwafrika anayepiga muziki kwa takataka inapendeza sana mbali. Inauza magazeti. Lakini fundi wa redio wa hapa kwetu anayefungua mashine tatu zilizokufa ili kufufua moja haitaji kuitwa muujiza; ni fundi. Kutengeneza mikro inayofanya kazi miaka makumi ni ufundi, na ufundi unahitaji kuelezwa kwa heshima ile ile inayopewa wale wanaotengeneza gitaa Marekani.

Ubishi wa tatu ni juu ya fasi ya kuwaweka. Maduka yaliwaweka kwenye meza ya muziki wa dunia, wakosoaji wa rock wakawavuta kwenye meza yao, wapenda tekno nao wakawavuta. Hakuna aliyewauliza Bazombo meza yao ni ipi.

Wanamuziki wa rock wanatafuta «moja»

Jibu zuri zaidi kwa wale walioita muziki huu fujo halikutoka kwa mwandishi. Lilitoka kwa wapigaji.

Mwaka 2010 Crammed ilitoa Tradi-Mods vs Rockers, ambamo wasanii wa rock na wa umeme, kama Deerhoof, Andrew Bird na Juana Molina, walitengeneza upya nyimbo za Konono, Kasai Allstars na wengine. Mwaka 2011 wakakutana uso kwa uso: karibu wanamuziki 20, nusu Wakongo, nusu watu wa rock kutoka Marekani, Argentina na Sweden, wakazunguka pamoja wakipiga kwenye jukwaa moja.

Shida ilitokea mara moja. Wapigaji wa rock walikuwa wakiuliza pigo la kwanza liko wapi, ile «moja» ya kuhesabu moja, mbili, tatu, ine. Kila likembe inaweza kuonekana kuanza fasi yake. Ngoma inavuta upande, filimbi inakata upande mwingine, mchezaji anakanyaga fasi ya tatu. Kwa Mkongo yote yamefungana. Albamu ya kazi hiyo ilipotoka mwaka 2022, ilipewa jina kwa lile swali lenyewe: Where's the One?, ni kusema «moja» iko wapi.

Kama watu wanaokula kwa kupiga ngoma walihitaji muda kuiona hesabu, basi mkosoaji aliyesikiliza mara mbili na kuandika fujo alikuwa anaeleza mwisho wa masikio yake. Muziki wenyewe ulikuwa na mpango tangu zamani.

Na hapa kwetu?

Hapa inchini, historia ni nyingine. Kwa miaka mingi kinachoitwa muziki ni rumba na watoto wake. Likembe, ngoma na pembe vinaitwa folklore. Neno hilo si tusi, lakini linafanya kazi ya mlango: folklore inaitwa kwenye ziara ya mkubwa, inapiga dakika kumi, inarudi nyumbani. Kijana wa Goma, Bukavu ao Kisangani mara nyingi anamjua Björk ao Pink kabla ya kumjua Mingiedi. Na sisi wa redio tuna sehemu yetu, juu tunapiga kile ambacho kinaombwa.

Mzee Mawangu Mingiedi alifariki mwezi wa 4 mwaka 2015, akiwa na miaka 85. Kazi ilibaki mikononi mwa mtoto wake Augustin, na mwaka 2016 kikundi kilitoa albamu pamoja na Batida, msanii wa Lisbon mwenye mizizi Angola. Njia hiyo haikufungwa. Mwaka 2009 Kenis alikuwa amemaliza Très Très Fort ya Staff Benda Bilili. Kisha wamekuja Mbongwana Star, na pia KOKOKO! na Fulu Miziki, hawa wawili ni vikundi vya Kinshasa vinavyopiga vyombo walivyotengeneza wenyewe kwa chupa, bomba na vyuma. Wanapoingia kwenye majukwaa ya Ulaya leo, wanaingia kwa mlango ambao mzee mmoja wa Bazombo aliufungua na sumaku ya gari.

Mtu anayetaka kuanza kusikiliza, achukue wimbo Kule Kule, wa kwanza kwenye Congotronics. Asiutafute mwimbaji kwanza. Afuate likembe nene, ile ya besi, kwa dakika mbili nzima. Kisha ahamie ile ya juu. Akisha kuzijua mbili hizo, sufuria zitajipanga zenyewe. Nyuma yake apite kwenye Masikulu, halafu kwenye Congotronics 2, ambamo kuna orkestra zingine za Kinshasa za mtindo huu, pamoja na Basokin na Masanka Sankayi.

Kitu kimoja cha mwisho. Mwaka 1989 mgeni alizunguka Kinshasa akitafuta orkestra na hakuipata, na ilikuwa ikiishi huko huko. Wale waliokuwa wanaijua hawakuwa wameandika lolote mahali fulani. Leo simu ya kawaida inarekodi vizuri. Kama katika kijiji chako ao mtaa wako kuna mzee ao mama anayepiga kisanji, lulanga, ngoma ao pembe, mrekodi kwa ruhusa yake, andika jina lake, jina la wimbo na fasi ulipopigwa, na ulete kwenye redio. Usiondoe makelele. Acha na kuku alie.